Kivu: Kupekupe butu inamaliza mkataji mbele ya kumaliza majani

Katika miji na vijiji vya Kivu, majani yanakatwa kwa mkono. Uwanja wa shule, kiwanja cha kanisa, kandokando ya barabara, chakula cha ng'ombe na cha sungura: yote yanangoja mtu mwenye kupekupe, mundu ao upanga. Mashine za kukata majani ni chache, na esansi ni ghali. Lakini wakataji wengi wanaanza kazi na chuma ambacho hakikunolewa, wakitegemea nguvu ya mkono pale ambapo kinachokosekana ni makali. Mwisho wa siku mgongo unauma, majani yamepasuliwa badala ya kukatwa, nusu ya kiwanja imebaki, na mara nyingine mguu wa mtu umepata kidonda.

Wanaoijua kazi hii wanasema jambo moja: saa ya kunoa ni saa ya kazi. Chuma chenye makali kinakata majani kwa uzito wake na kwa mwendo wake. Chuma butu kinayalaza majani chini, kinamlazimisha mkataji kupiga mara mbili ao tatu mahali pamoja, na kila pigo la bure linatoka katika mabega na kiuno chake.

Vyombo vitatu, kazi tatu

Kupekupe ni ukanda wa chuma bapa wenye urefu wa karibu metri moja, ambao mwisho wake umepindwa. Mkataji anaushika kwa mkono mmoja na kuurusha kutoka upande mmoja hadi mwingine, karibu na ardhi. Hapa kinachokata ni kasi ya ile sehemu iliyopindwa. Kupekupe inafaa kwa majani mepesi ya uwanjani na ya barabarani, ambayo hayana haja ya kukusanywa yakiwa mazima.

Mundu umepindwa kama mwezi mchanga. Mkono mmoja unashika fungu la majani, mwingine unavuta chuma kuelekea mkataji. Kazi yake ni ya polepole, lakini majani yanabaki mazima na safi mkononi. Ndiyo maana unatumika kwa chakula cha mifugo, kwa mavuno ya mpunga na kwa majani ya kuezekea nyumba. Upanga, kwa upande wake, ni wa mabua magumu na vichaka. Ni chombo kizito, na kukata nacho majani laini ni kujichokesha bure.

Kosa la kwanza linaanzia hapo: kutumia chombo kimoja kwa kila kitu. Kupekupe iliyopigwa kwenye kisiki inapoteza makali kwa pigo moja. Mundu uliotumiwa kukata miti unavunjika ncha.

Kwa nini makali ni jambo la maisha

Katika milima ya Masisi, Lubero na Walungu, mfugaji mwenye ng'ombe mmoja ao wawili waliofungwa nyumbani anapaswa kuwaletea majani kila siku. Ng'ombe anakula majani mabichi yenye uzito wa karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji hivi karibu kilo 30 kwa siku, zinazokatwa, kufungwa na kubebwa kichwani ao mgongoni. Mara nyingi kazi hiyo inafanywa na wanawake na vijana, mbele ya shamba ao mbele ya masomo. Katika Kivu Kusini, jamaa nyingi zinafuga pia kobayi na sungura, na watoto ndio wanaotafuta majani yao.

Usalama mdogo umeongeza uzito wa kazi hiyo. Mahali ambapo makundi yenye silaha yanapita, ng'ombe hawawezi kuachwa malishoni mbali na kijiji. Wenye kubaki nao wanawafunga karibu na nyumba na kuwaletea chakula. Malisho yakisogea hivyo kutoka mlimani hadi mlangoni, ni mkono wa mtu unaofanya kazi ambayo meno ya mnyama yalikuwa yakifanya.

Mjini pia majani ni mkate wa watu. Goma, Bukavu, Butembo na Uvira zina vijana, na kati yao wakimbizi wa ndani walioacha mashamba yao, wanaopita mlango kwa mlango wakiuliza kama kuna kiwanja cha kusafisha. Wengi wao wanalipwa kwa kiwanja, si kwa saa. Mwenye chuma kikali anaweza kumaliza na kutafuta kiwanja cha pili siku hiyo. Mwenye chuma butu analala na malipo ya kiwanja kimoja na mgongo unaouma kesho yake.

Na kuna barabara. Majani yakijaa kwenye mitaro, maji ya mvua yanakosa njia, yanapita juu ya udongo na kuchimba mashimo. Kukata majani na kufungua mitaro ni sehemu kubwa ya kazi ya kantonie wa kamiti za wakaaji zinazotunza barabara za udongo. Kwenye barabara ya taifa namba 4, kati ya Beni na Komanda, ambako magari yameshambuliwa mara nyingi, majani marefu kandokando ya njia yana hatari nyingine: dereva haoni kona, wala haoni aliyejificha ndani yake.

Chuma kizuri kinajulikana mbele ya kununuliwa

Sokoni, kupekupe na mundu vinafanana kwa macho. Tofauti iko katika chuma chenyewe. Vyombo vinavyokatwa katika bati nene ao chuma laini cha ujenzi vinanolewa haraka, lakini makali yake yanajikunja baada ya dakika chache. Wahunzi wengi wanapenda risori za magari ya zamani. Chuma cha risori kimetengenezwa kwa kupindwa na kurudi bila kuvunjika, na kikifuliwa vema kinashika makali kwa muda mrefu zaidi.

Kipimo rahisi ni tupa, ile ambayo watu wengi wanaiita lime. Mnunuzi anaipitisha kidogo kwenye ukingo wa chuma. Tupa ikizama kama kwenye ubao, chuma ni laini mno. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno, hakitanolewa kwa tupa na kinaweza kupasuka kikigonga jiwe. Chuma kinachofaa kinaiacha tupa iume, lakini kwa shida kidogo.

Mpini nao unatazamwa. Mpini unaocheza unageuza chuma mkononi katikati ya pigo, na hapo ndipo ajali nyingi zinapoanzia. Mpini ulio laini kupita kiasi unateleza kwa jasho. Mkataji akikunja vidole, vinapaswa kuuzunguka mpini vema, bila nafasi kubwa na bila kulazimisha.

Kunoa kwa tupa: hatua baada ya hatua

Kazi ya kwanza ni kusafisha. Majani yaliyokauka, udongo na kutu vinajaza meno ya tupa na kuyafanya yateleze. Chuma kinafutwa kwa kitambaa, ao kinasuguliwa kwa mchanga na maji, kisha kinakaushwa.

Kazi ya pili ni kukitia imara. Chuma kinachotikisika hakinoleki. Mafundi wanakibana kwenye meza. Nyumbani, kinaweza kulazwa juu ya benchi ao gogo na kufungwa kwa kamba ya mpira, ukingo ukitokea nje. Hakishikwi kwa mkono mmoja hewani wakati mwingine unasukuma tupa, kwa sababu tupa ikiteleza vidole vinaangukia kwenye makali.

Kazi ya tatu ni kupata mwinamo. Tupa inalazwa bapa juu ya chuma, kisha inainuliwa kidogo, karibu digri 25, yaani zaidi kidogo ya robo ya pembe mraba. Mwinamo mdogo zaidi unatoa makali membamba kama ya wembe, yanayokata majani laini vizuri lakini yanapasuka yakigusa jiwe. Mwinamo mkubwa unatoa makali manene yanayodumu, ila yanahitaji nguvu. Kwa mundu wa majani laini ni vema kupunguza mwinamo. Kwa upanga unaogonga matawi ni vema kuuongeza.

Kazi ya nne ni kusukuma. Meno ya tupa yamekatwa kuelekea mbele. Yanakula chuma wakati wa kusukuma, na wakati wa kurudisha hayafanyi kitu. Anayesugua mbele na nyuma bila kuinua anaharibu meno ya tupa yake mwenyewe. Njia sahihi ni kusukuma polepole kwa urefu wote wa tupa, kuinua, kurudi, kusukuma tena, huku mwinamo ukibaki uleule. Idadi ya misukumo inahesabiwa: ikiwa upande mmoja umepata kumi na tano, upande wa pili nao upate kumi na tano.

Kwa kupekupe, sehemu inayonolewa ni ile iliyopindwa chini na kipande kinachoifuata. Zile zinazokata zikienda na zikirudi zinanolewa kingo zote mbili. Sehemu ya juu, karibu na mkono, inaachwa bila makali. Mundu wenye meno madogo, kama ule wa mpunga, haunolewi kama mingine: jiwe linapitishwa upande laini tu, kwa kuwa upande wa meno ukisuguliwa meno yanakwisha.

Mwisho wa kunoa unajulikana kwa kugusa, lakini si kwa kupitisha kidole kufuata makali. Kidole gumba kinapitishwa kutoka kwenye bapa kuelekea nje, kwa wepesi. Kikikwama kwenye mstari mwembamba wa chuma kilichojikunja upande wa pili, tupa imefika mwisho wa makali. Mstari huo unaondolewa kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa maji, upande mmoja na mwingine, kwa wepesi. Wengi wanaruka hatua hiyo. Kumbe ule mstari, kama haukuondolewa, unavunjika katika mapigo ya kwanza na kuondoka na makali yote.

Meuleuse inaharaka, lakini inaweza kuua chuma

Katika karakana za suda mjini, meuleuse ya umeme inanoa kupekupe kwa dakika moja. Kwa chuma chenye mapengo makubwa inasaidia. Hatari yake ni joto. Ukingo mwembamba unapata moto upesi, na ukigeuka rangi ya buluu, ugumu uliotiwa na mhunzi umekwisha kuharibika mahali hapo. Makali yataonekana mazuri, lakini yatajikunja katika majani ya kwanza.

Fundi mwangalifu anagusa chuma kwa mguso mfupi, anakichovya katika maji, anarudia, na haachi rangi ibadilike. Mteja ana haki ya kusimama hapo na kutazama. Kwa kazi ya kila juma, tupa na jiwe vinatosha.

Kuhusu jiwe, si kila jiwe linafaa. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na wakaaji wake wanayajua vizuri tangu milipuko ya Nyiragongo ya 1977, 2002 na 2021. Lakini jiwe la volkano lenye matundu linakwaruza tu, halinoi. Jiwe linalofaa ni lile lenye chembe ndogo na uso ulio sawa, kama mawe mengine ya mtoni, ao jiwe la dukani lenye uso mbaya upande mmoja na laini upande wa pili.

Mundu mrefu wa Ulaya unafundisha nini

Katika inchi za Ulaya zenye malisho ya milimani, wakulima walikata majani kwa karne nyingi na chombo kingine: mundu mrefu wa mikono miwili, ambao Wafaransa wanauita faux. Wakaaji wa Kivu wanaujua zaidi kwa picha. Mpini wake una urefu unaokaribia kimo cha mtu na vishikio viwili, na chuma chake chembamba kina santimetri 60 hadi 90. Mkataji anasimama wima, anageuza kiuno, na chuma kinateleza juu ya ardhi kwa nusu duara.

Tofauti na kupekupe ni kubwa. Kupekupe inapiga, mundu mrefu unachanja. Chuma chake kinapita kwenye shina la jani kwa mshazari, kama kisu kinavyovutwa juu ya nyama, na kwa hiyo hakihitaji kasi kubwa. Lakini hilo linawezekana tu kwa makali membamba sana. Ndiyo maana kazi ya kunoa imegawanyika mara mbili. Kwanza, ukingo unagongwa kwa nyundo juu ya fuawe dogo, pigo baada ya pigo, hadi uwe mwembamba kama karatasi. Kazi hiyo inarudiwa baada ya saa kadhaa za kukata. Pili, shambani mkataji anabeba jiwe ndani ya pembe ya ng'ombe ao kopo lenye maji, limefungwa kiunoni. Kila baada ya dakika chache anasimama, anafuta chuma kwa majani, anapitisha jiwe mara kadhaa, anaendelea.

Desturi hiyo ni ya zamani. Katika karne ya kwanza, mwandishi Mroma Plinius Mzee aliandika juu ya mawe ya kunolea: yale ya kutoka Krete yaliyohitaji mafuta, na yale ya Italia yaliyotumia maji. Wakataji wa mawe ya mafuta walitembea na pembe ya mafuta imefungwa mguuni. Aliandika pia kipimo cha siku ya kazi ya mtu mmoja, ambacho ni karibu robo ya hekta ya majani. Katika wakati wetu, mashindano ya kukata majani kwa mundu huo huko Kupres, inchini Bosnia na Herzegovina, yaliandikwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi wa kitamaduni wa wanadamu.

Je, chombo hicho kingefaa Kivu? Kwenye malisho ya Masisi, yenye majani mafupi na laini, mahali palipo wazi kingeweza kufanya kazi. Lakini mawe ya Goma, visiki, miteremko mikali na mabua manene ya mabingobingo vingevunja chuma chake chembamba siku ya kwanza. Kinachoweza kusafiri bila shida ni desturi yake: jiwe lenye maji kiunoni, na kusimama kunoa mbele chuma hakijawa butu kabisa. Misukumo michache ya jiwe kila robo saa inamwepusha mkataji na nusu saa ya tupa jioni.

Kukata vema: saa, mguu na urefu

Saa ya kwanza ya siku ndiyo bora. Majani yenye umande ni mazito, yamejaa maji na yanasimama imara mbele ya chuma. Jua likipanda, yanalegea na kuinama yakiguswa. Jua nalo linamchosha mtu. Lakini si kila mahali mtu anaweza kutoka alfajiri. Katika maeneo ambako watu waliuawa kwa upanga, mtu anayetembea gizani na chuma mkononi anatiliwa mashaka, naye mwenyewe hana usalama. Huko wakataji wanangoja mwanga, wanatoka wawili ao watatu, na wanabeba vyombo vyao vikiwa vimefungwa katika gunia.

Mbele ya kukata, uwanja unapitiwa kwa miguu. Chupa, waya na mawe vinaondolewa. Waya uliofichwa katika majani unasimamisha kupekupe ghafula na kuigeuza kuelekea mguu, na jiwe dogo linaweza kurushwa hadi kwenye jicho la mtu aliye karibu. Katika maeneo yaliyopita vita, kitu cha chuma kisichojulikana hakiguswi wala hakipigwi: mkataji anarudi kwa njia aliyoingilia na kutoa habari kwa viongozi.

Wakati wa kukata, mguu wa upande wa mkono wenye chuma unawekwa nyuma. Mwendo unatoka kiunoni, si kwenye kifundo cha mkono. Mkataji anaendelea mbele kwa hatua fupi, akichukua upana mdogo kila mara. Anayetaka kuchukua upana mkubwa kwa pigo moja anaacha mistari ya majani yaliyolala, na anapaswa kurudi nyuma. Kwenye mteremko, anakata akifuata ubavu wa mlima, miguu ikiwa imesimama imara, na hakuna mtu anayesimama chini yake.

Urefu wa kukata una maana yake. Mabingobingo ya ng'ombe yanakatwa yakifika karibu metri moja, mbele shina halijawa gumu, na kisiki cha santimetri 5 hadi 10 kinabaki ili yaote tena. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu, uzito unaongezeka lakini ng'ombe anaacha mashina. Kwenye miteremko ya Bukavu na ya Bushi, ambako mvua inabeba udongo, majani ya mistari inayozuia mmomonyoko yanakatwa, hayang'olewi. Kusafisha kwa jembe kunapendeza macho kwa juma moja, lakini mizizi ndiyo inayoshika mlima. Kupekupe inaondoa majani na kuacha mizizi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitunza.

Mwisho wa mvua, karibu na mwezi wa tano, ni wakati wa kufikiri juu ya kiangazi. Sehemu nyingi za Kivu zinakauka kati ya mwezi wa sita na wa nane, na chakula cha mifugo kinapungua. Majani yaliyokatwa yakiwa bado na majani mengi kuliko mashina, yakageuzwa juani siku mbili ao tatu na kuwekwa juu ya miti, mbali na udongo na mvua, yanaweza kumsaidia mfugaji katika majuma magumu. Yakihifadhiwa na unyevu yanaoza na kuota ukungu, na ng'ombe anayakataa.

Kidonda kidogo kisidharauliwe

Wanaojiumiza zaidi si wenye vyombo vikali, bali wenye vyombo butu, kwa sababu chuma butu kinadunda na kuteleza. Vidonda vingi viko kwenye mfupa wa mguu na kwenye vidole vya mkono unaoshika majani. Mabuti ya mpira yanazuia sehemu ya hatari. Kandambili hazizuii kitu. Kati ya mkataji na mkataji panahitajika nafasi ya metri tatu ao zaidi, na watoto wanabaki mbali.

Kidonda kikitokea, damu inasimamishwa kwa kukandamiza kitambaa safi juu yake. Kisha kidonda kinaoshwa kwa maji safi na sabuni. Udongo, majani yaliyotafunwa, mafuta ya gari ao kinyesi cha ng'ombe havitiwi ndani. Udongo na kinyesi vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaokaza misuli na kuua. Chanjo yake ipo, na mtu aliyekatwa na chuma chenye udongo anapaswa kufika kituo cha afya upesi, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Baada ya kazi, chuma kinaoshwa, kinakaushwa na kupakwa mafuta kidogo, hata yale ya mawese. Kinatundikwa juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Kutu ya usiku mmoja inakula makali yaliyotafutwa kwa nusu saa.

Salongo yenye kupekupe ishirini na tupa moja

Salongo, kazi ya pamoja iliyoamriwa wakati wa Mobutu katika miaka ya 1970, imebaki katika miji mingi ya mashariki. Siku ya posho asubuhi, wakaaji wanatoka na majembe, mapauro na kupekupe. Viongozi wa avenue wanahesabu watu, na mara nyingine wanaandika walioacha kuja. Hakuna anayehesabu makali. Watu ishirini wenye vyuma butu wanapiga majani yaleyale asubuhi nzima, na wengi wao wanaiona kazi hiyo kama adhabu.

Shuleni hali inafanana. Masomo yanapoanza mwezi wa tisa, baada ya likizo, viwanja vimejaa majani, na wanafunzi wanaombwa kuja na kupekupe. Mtoto wa miaka kumi na miwili anabeba chombo cha baba yake, kizito kwa mkono wake na ambacho hakijaguswa na tupa tangu mwaka uliopita, kisha anasimama katika mstari pamoja na wenzake hamsini, wote wakirusha chuma kwa wakati mmoja.

Dawa haihitaji mradi wala mfadhili. Kwa kila kundi la wakataji, mtu mmoja anayejua kunoa anaketi kivulini na tupa, jiwe na kopo la maji, na vyombo vinampitia mbele ya kazi na katikati ya kazi. Kazi yake inahesabiwa sawa na ya wenzake, ingawa hakukata jani hata moja. Shuleni, wadogo wanakusanya majani na wakubwa wachache wanakata kwa zamu, wakiachiana nafasi. Tupa moja ikitunzwa, ikasafishwa meno kwa brosi na kuwekwa mahali pakavu, inahudumia avenue nzima kwa muda mrefu.

Bei yake ni ndogo kuliko ya kupekupe mpya. Hata hivyo, katika nyumba nyingi kuna kupekupe mbili ao tatu nyuma ya mlango, na hakuna tupa hata moja.